Ukurasa wa Akina Mama: Mraba Mmoja wa Lesi



Barua mbili zipo mbele yetu. Ya kwanza imetoka milimani Masisi, ya pili imetoka msituni Walikale. Mama wa Masisi atuarifu kwamba alikuwa akifuma kitambaa kikubwa cha meza, kipande kimoja tangu katikati hata pembeni, na kazi hiyo ilikuwa imemchukua miezi 3. Vita vilipofika kwao, mwezi wa Januari 2025, alikimbia na watoto, nacho kitambaa kikabaki juu ya kiti, kulabu ikiwa imechomekwa ndani yake. Alipopata kurudi hakukiona. Atuuliza sasa aanze tena kwa namna gani. Mama wa Walikale hana maneno mengi. Asema binti yake wa miaka 12 ataka kujifunza kufuma, lakini baba wa nyumba anena kwamba huko ni kupoteza uzi na mafuta ya taa. Atuomba jibu la kumpa mumewe.

Tumezisoma barua hizi mara kadhaa, tukaona ya kwamba jibu lake ni moja: anzeni na mraba.

Mraba ni kitambaa kidogo cha lesi, chenye pembe nne, ambacho upande wake haupiti urefu wa kidole cha mtu mzima. Peke yake hufunika kikombe tu. Ukiunganishwa na wenzake hufunika meza, kiti au kitanda. Mwenye kufuma kitambaa kikubwa cha kipande kimoja ni kama mtu ajengaye nyumba ya chumba kimoja kipana: hata akibakiza ukuta mmoja tu, hawezi kulala ndani. Mwenye kufuma miraba, jioni akiisha kukata uzi, amemaliza. Kazi ya leo haingoji ya kesho ili ihesabiwe kuwa kazi. Na siku ya kukimbia, miraba 20 huingia ndani ya kopo la maziwa, kopo huingia ndani ya kitenge, na mama huenda zake mtoto mgongoni.

Twajua si neno la furaha kumshauri mtu achague ufumaji wake kwa kufikiri njia ya kukimbilia. Lakini wenyeji wa Masisi wameikanyaga barabara ya Sake mara nyingi mno, na mwezi wa Machi 2025, vita vilipoingia Walikale mjini, wapo walioingia msituni na kulala huko. Twasema na watu jinsi walivyo.

Wala si sisi wa kwanza. Katika nchi ya Ireland, tangu 1845 hata 1849, ugonjwa uliviozesha viazi mashambani, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Ninyi akina mama wa Masisi, mnaolima viazi katika miinuko yenu, mtaelewa upesi kuliko wengine jambo hilo maana yake nini. Watu wapata milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, wengine wengi wakahama nchi. Katika msiba ule masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha maskini kufuma lesi kwa kulabu. Huko Clones, upande wa kaskazini, Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kiprotestanti, alianzisha kazi hiyo hiyo mwaka 1847. Twamtaja ijapokuwa si wa Kanisa letu, maana wenye njaa hawakumwuliza dini yake.

Tazameni namna yao ya kugawana kazi. Mwanamke mmoja alifuma ua la waridi, mwingine jani, mwingine kishada cha zabibu, kila mmoja kibandani kwake. Kisha mikono mingine ilivikusanya vipande vile na kuviunganisha, vikawa ukosi wa gauni la bibi tajiri. Hakuna aliyelazimika kuwa na meza kubwa, wala nyumba yenye nafasi, wala miezi ya amani iliyofuatana. Ndiyo maana lesi ile iliweza kutoka katika vibanda vyenye njaa.

Kwetu, bibi zetu wengi walijifunza kufuma kwa masista wa misioni, au katika zile nyumba za mafunzo ya wanawake zilizoitwa foyer social, wakati wa serikali ya Wabelgiji iliyokwisha tarehe 30 Juni 1960. Walifundishwa vema. Lakini tukisema kweli, wengi walifundishwa kufuata mfano wa karatasi bila kuelezwa kwa nini mzunguko huu una nguzo 16 na ule una 52, na mfano ulipopotea, ufundi nao ulipotea. Sisi tutajaribu kueleza sababu.

Tuanze na vyombo. Kulabu ni kijiti cha chuma chenye ncha iliyopindwa kama ndoana ndogo. Wengine huiita krosheti. Uzi wa pamba wa namba 10 hupenda kulabu ya milimeta 1.5. Asiyeipata na aombe spoku moja kuukuu kwa fundi wa baiskeli. Unene wake ni kama milimeta 2, hivyo lesi yake italegea kidogo na mraba utakuwa mkubwa zaidi, lakini itafaa. Chonga pengo karibu na ncha kwa tupa, kisha usugue juu ya jiwe laini mpaka usikwaruze tena ngozi ya midomo. Midomo husikia ukali ambao vidole havisikii.

Mwanafunzi asianze na uzi mweupe. Jozi moja ya mikono ya sweta kuukuu, ikifumuliwa, inatoa sufu ya kutosha kwa majuma mengi ya kujifunza, pamoja na kulabu nene iliyochongwa kwa mwanzi. Afume, afumue, afume tena. Uzi mweupe ungojee siku ambayo miraba mitatu imetoka sawasawa kwa kufuatana.

Yapo mambo matatu tu ya kujua kwa mikono. La kwanza ni pingili. Funga kitanzi cha kukazika, ukivalishe kulabu, uzungushe uzi juu ya kulabu na kuuvuta ndani ya kitanzi. Hiyo ni pingili 1. Zikifuatana huwa kama pingili za muwa. La pili ni nguzo. Zungusha uzi juu ya kulabu mara moja, ingiza kulabu mahali pake, uvute uzi: sasa vitanzi 3 vipo juu ya kulabu. Zungusha uzi, upitishe katika vitanzi 2. Zungusha tena, upitishe katika vile 2 vilivyobaki. Nguzo imesimama. La tatu ni kufunga: ingiza kulabu, vuta uzi, na papo hapo uupitishe ndani ya kitanzi kilicho juu ya kulabu. Hakuna zaidi. Mwenye kujua haya matatu aweza kufuma lesi yoyote rahisi.

Mzunguko wa kwanza. Piga pingili 8, ufunge ya mwisho katika ya kwanza, iwe pete. Piga pingili 3. Hizo zitahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, na itakuwa hivyo kila mzunguko. Ndani ya pete piga nguzo 15, hata jumla iwe 16. Funga juu ya pingili ya tatu ya mwanzo.

Mzunguko wa pili ni wa madirisha. Piga pingili 4: tatu ni nguzo, na ya nne ni kizingiti cha juu cha dirisha. Piga nguzo 1 juu ya nguzo inayofuata, pingili 1, nguzo 1 juu ya inayofuata, pingili 1, hata mwisho. Baada ya nguzo ya mwisho usisahau pingili yake. Funga katika pingili ya tatu ya mwanzo. Hesabu: nguzo 16, madirisha 16. Akina mama wa Walikale mnaosuka vikapu vya kuvulia samaki katika vijito, ninyi mwajua tayari jambo ambalo wengi hulichelewa: tundu nalo ni sehemu ya kazi. Madirisha yasipolingana, lesi haipo.

Mzunguko wa tatu ndio moyo wa kazi, nao twaomba msiuharakishe. Mpaka sasa mna duara. Duara litakuwaje mraba? Kwa kugawa madirisha 16 kwa 4. Dirisha moja katika kila manne litakuwa pembe, nalo hupewa nguzo nyingi. Matatu yaliyobaki hupewa chache. Mahali penye nguzo nyingi hutokeza nje, na mahali penye chache hunyoka. Hiyo ndiyo siri yote. Basi, kwa kufunga mara moja, ingia katika dirisha la kwanza. Humo humo piga pingili 3, nguzo 2, pingili 3, nguzo 3. Hiyo ni pembe. Dirisha linalofuata lipe nguzo 2, linalofuata nguzo 3, linalofuata nguzo 2. Kisha pembe ya pili: nguzo 3, pingili 3, nguzo 3, zote katika dirisha moja. Litaonekana dogo mno kwa mzigo huo. Sukuma nguzo kando kwa ukucha, zitakaa. Endelea hivyo hata pembe ziwe 4, ufunge. Kati ya pembe na pembe lazima uhesabu nguzo 13. Zikiwa 12 au 14, usijiambie kwamba haitaonekana. Itaonekana.

Mzunguko wa nne. Tembea kwa kufunga juu ya nguzo 2 mpaka uingie katika tundu la pembe. Piga pingili 3, nguzo 1, pingili 3, nguzo 2. Sasa kwa upande: pingili 1, ruka nguzo moja, piga nguzo 1 juu ya inayofuata, na kufanya hivyo hata upate nguzo 6. Piga pingili 1, ruka nguzo ya mwisho, uingie pembeni: nguzo 2, pingili 3, nguzo 2. Kila upande utakuwa na madirisha 7. Sasa mwaona kwa nini tulitaka nguzo 13: hesabu isiyogawanyika kwa 2 huanza kwa kuruka na kumaliza kwa kuruka, na pande zote mbili za pembe hufanana. Baada ya upande wa nne piga pingili 1 na kufunga.

Mzunguko wa tano hauna shida. Tembea kwa kufunga juu ya nguzo 1, ingia pembeni, upige pembe ile ile ya mzunguko wa nne. Kisha nguzo 1 juu ya kila nguzo na nguzo 1 ndani ya kila dirisha. Upande mmoja utatimiza nguzo 21. Funga, kata uzi ukibakiza sentimeta 10, uuvute kabisa, na kuuficha kwa sindano chini ya nguzo.

Kwa kulabu ya milimeta 1.5 mraba utakuwa na sentimeta 6 au 7 kila upande. Ukijikunja kama bakuli, mkono wako wakaza mno, au nguzo zimepungua. Ukifanya mawimbi kama jani la kabichi, nguzo zimezidi. Lipo kosa la tatu, la kupoteza hesabu kwa mazungumzo; dawa yake ni kuhesabu kila upande kabla ya kuanza mwingine, hata jirani akiwa ana habari nzuri namna gani.

Na mtoto anayetumia mkono wa kushoto asipigwe wala kulazimishwa. Mwalimu aketi mbele yake uso kwa uso, naye mtoto afuate kama atazamavyo kioo. Mraba wake utazunguka upande wa pili, na hakuna mnunuzi atakayejua.

Sasa tumjibu baba wa Walikale, kwa heshima zote. Mraba mmoja una nguzo 208. Meza ndogo ya sentimeta 60 kwa 60 yataka miraba 9 kwa 9, maana yake miraba 81, na nguzo zake ni 16,848. Binti wa miaka 12 anayeweza kuhesabu nguzo 16,848 bila kukosa hapotezi kitu. Ajifunza hesabu na uvumilivu kwa pamoja, na sufu ya sweta kuukuu haina bei. Kuhusu mafuta ya taa twakubaliana na baba kabisa: lesi isifumwe usiku. Macho ya mtoto ni ghali kuliko uzi. Saa moja ya mwangaza, baada ya kurudi shambani na kuteka maji, yatosha. Na Jumapili kulabu ilale.

Lakini hatutaki kumdanganya mtu. Lesi haitajenga nyumba, wala isitumainiwe peke yake kulipa ada ya shule. Katika maduka ya Goma vimeuzwa vitambaa vya lesi vilivyotoka viwandani ng'ambo, kwa bei ambayo mkono wa mtu hauwezi kushindana nayo. Mfumaji aliyezoea humaliza mraba huu kwa muda wa nusu saa au zaidi, na kwa miraba 81 atatumia saa 40 na zaidi. Basi, mnunuzi akitaja bei, ondoa kwanza gharama ya uzi, kinachobaki ukigawe kwa saa zako. Kikiwa chini ya kile ambacho mwenye shamba angekulipa kwa kulima muda huo, mwambie mnunuzi kwa upole kwamba meza yako nayo yataka kitambaa. Tumewaona akina mama wakiuza kazi ya miezi kwa bei ya uzi tu, kwa sababu hawakupiga hesabu hiyo, na tena wakashukuru.

Wako wengi wanaofanya vema kuanza na vitu vidogo. Miraba 4 iliyounganishwa hufunika kikombe au jagi la maziwa. Shona shanga pembeni ili upepo usikipeperushe kifuniko. Miraba 30, yaani 5 kwa 6, hutosha mgongo wa kiti. Hali kadhalika yafaa kila nyumba ya Kikristu iwe na kitambaa kimoja cheupe, kisichotumika kwa kazi nyingine, cha kutandika juu ya meza ndogo siku padri anapomletea mgonjwa Komunyo Takatifu. Kwa hiyo miraba 36 yatosha.

Akina mama 9 wakikubaliana, kila mmoja akifuma miraba 9, kitambaa cha meza chaweza kumalizika kwa juma moja au mawili. Hapo lipo tatizo ambalo watu wa Ireland nao walilijua: mikono haifanani. Mmoja akaza, mwingine alegeza, na miraba haitoki sawa. Dawa tuliyoiona ikifaa ni hii: kila mama afume mizunguko minne, kisha mmoja tu, mwenye mkono wa kadiri, afume mzunguko wa tano wa miraba yote. Mzunguko huo wa mwisho hukaza vilivyolegea na kulegeza vilivyokazwa. Yeye asipewe miraba mingi ya kuanza, isije ikawa kazi ya wote imemwangukia mgongoni.

Kuunganisha ni kwa sindano ya kushonea. Weka miraba miwili uso kwa uso, pembe kwa pembe, na kushona nguzo kwa nguzo. Kwa kuwa kila upande una nguzo 21, hakuna itakayobaki. Unganisha kwanza safu moja moja, kisha safu na safu.

Mwisho, kufua. Maji ya uvuguvugu na sabuni, bila kukamua kwa kusokota. Chemsha wanga wa muhogo uwe mwepesi kama maziwa, uache upoe, uchovye kitambaa, ukitandaze juu ya mkeka safi na kukibana kwa pini pembe zote nne mpaka kikauke kivulini. Huko Masisi, siku za mvua, msikianike juu ya jiko. Moshi hukitia rangi ya njano isiyotoka. Huko Walikale adui ni unyevu: kunjeni kitambaa kikiisha kukauka kabisa, na kulabu ya chuma ipakwe mafuta kidogo ya mawese kisha ifutwe, isishike kutu na kuchafua uzi.

Namna ya kufuma ukingo wa kuzungusha kitambaa chote tutaieleza juma lijalo. Mama wa Masisi na atuandikie amefikisha miraba mingapi.